Marehemu Viola, Petunia na Kalendula

Kila mwaka, Sikukuu ya Ekaristi, maandamano ya kigango kimoja kilicho chini ya mji wa Moshi, kule mashamba ya miwa yanakoanzia, hutoka mlangoni mwa kanisa yakiimba, huifuata barabara kubwa kidogo, halafu bila sababu inayoonekana hukata kushoto. Huingia kwenye kijia chembamba kando ya mfereji mkavu, hufika kwenye kiwanja kisicho na nyumba, chenye safu tu ya masale, mimea ya majani marefu, iliyozunguka utupu, na hapo husimama. Wimbo hukatika. Kengele hunyamaza. Padri huinua monstransi, chombo chenye Ekaristi, kuelekea kiwanja hicho, watu hupiga magoti kwenye vumbi jeupe, na kwa kitambo hakisikiki kitu ila mabati ya kiwanda cha sukari yakilia kwa joto huko mbali. Kisha wimbo huanzia ulipokatikia, na maandamano hugeuka nyuma kwa kusukumana, maana kijia hakina pa kutokea.

Vijana hawajui kwa nini. Mapadri wageni huambiwa na katekista kwamba njia ndiyo hiyo, nao hukubali, kwa kuwa padri mgeni ana mambo mengi ya kukubali. Watu wazima wakiulizwa hujibu kwamba pale wamelala wanne. Wachache mno wanajua kwamba amelala mmoja.

Kiwanja kilikuwa cha Mektrida.

Alizaliwa Uru, juu mlimani, ambako mwezi wa sita ukungu huingia hadi jikoni na watu huota moto wakiwa wamevaa makoti. Utoto wake aliutumia kwenye bustani ya masista, akipalilia na kubeba maji. Masista walikuwa na maua ya kwao, maua ya baridi. Huko Ulaya, sista mmoja mzee alimweleza, maua hayo huchanua baridi inapoanza kukatika, na watu wakiyaona hujua kwamba hawakufa. Uru yaliota bila kubembelezwa. Siku ya Ekaristi, Mektrida akiwa na gauni jeupe la kuazima, alitembea kinyumenyume mbele ya padri akimwaga maua hayo njiani kutoka kwenye kikapu, na hakuna kitu alichowahi kukifanya baadaye kilichompa hakika namna ile ya kwamba yuko mahali pake.

Baada ya Uhuru aliolewa na Gabriel, Mngoni kutoka Songea, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuja kufanya kazi kiwandani. Akashuka naye tambarare. Uru walisema binti amekwenda porini. Kwa mtu wa mlimani, tambarare ni mahali pa kushukia asubuhi na panga, kukata majani ya ng'ombe, kuyabeba kichwani na kurudi nyumbani jua halijazama. Kulala huko kwa hiari ni jambo lililohitaji maelezo, na Mektrida hakuwa nayo, isipokuwa kwamba alimpenda yule mtu.

Alichokikuta ni joto. Joto lilikaa juu ya mapaa tangu mwezi wa kumi mpaka masika, na udongo ulikuwa wa magadi, ukikauka unatoa unga mweupe kama kidonda kilichopona vibaya. Alfajiri mlima ulionekana wote, mweupe kichwani, karibu kiasi cha kuitika ukiuita. Jua likipanda, wingu linashuka, mlima unafungwa, na Mektrida anabaki na siku nzima ya kuvuka.

Mwaka ambao binti yake, Ester, alichaguliwa kuwa mmoja wa watoto wa kumwaga maua, maua hayakuwapo. Walikata mifuko ya saruji vipande vidogo kwa mkasi, wakavimwaga hivyo. Upepo ukavipeperusha, na kimoja kikaganda kwenye paji la uso wa padri lenye jasho, kikakaa hapo mpaka baraka ya mwisho.

Baada ya ibada Mektrida alimfuata. "Padri, mwakani nitaleta maua."

"Maua gani, mama? Hapa hata mchongoma unalalamika."

"Ya baridi."

Padri alilitazama jua, kisha akamtazama yeye. "Nitaamini nikiyakanyaga," alisema.

Basi Mektrida alipanda Uru kwa masista akapewa mbegu za aina tatu. Sista mzee alizitaja moja moja, polepole, kama anayetambulisha wageni: viola, petunia, kalendula. Namna ya kuziotesha kwenye joto hakuijua, kwa sababu hajawahi kushuka tambarare na hakuona haja. Mektrida alilifikiria jambo hilo peke yake akafikia uamuzi. Huko Ulaya maua yanangoja baridi ikatike. Hapa yatangoja joto likatike. Kungoja ni kule kule.

Mwezi wa pili alizilaza mbegu kwenye vigae vyenye udongo mbichi, akavipanga chini ya mtungi wa maji, mahali pa baridi kuliko pote katika nyumba, akavifunika gunia lililolowa. Nje alijenga matuta matatu. Aliyainua mpaka magotini, kwa kuwa magadi hupanda kutoka chini, na mmea ulioinuliwa huponea hapo. Aliyafanya marefu kiasi cha mtu, akayalaza magharibi kwa mashariki ili jua la jioni liyapate kwa upande mwembamba. Aliyazungushia mawe meupe, kama masista walivyofanya. Kwenye kichwa cha kila tuta alisimamisha kijiti na kukifunga kingine kwa kukipitisha, apate pa kutundika kanga kuukuu ya kuzuia jua la mchana. Na kuzunguka yote alipanda vipandikizi vya isale alivyovitoa kwa kaka yake, Sirili, kwa sababu mbuzi hawaligusi isale.

Kila kitu kilikuwa na sababu yake ya bustani. Lakini mlimani isale halipandwi hivihivi. Isale ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo; ni jani la kuombea msamaha, na ndilo linalopandwa mahali walipolazwa watu. Mektrida alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Ila mtu wa mlimani halazwi tambarare, kwa hiyo halikumjia akilini.

Mbolea ilikuwa na taabu zaidi. Aliiomba kwa Sirili, na Sirili alisimama mbele ya zizi kana kwamba ameombwa ng'ombe wenyewe.

"Mbolea haishuki, Mektrida. Majani yanapanda, mbolea inabaki kwenye migomba. Ndivyo tulivyoikuta dunia."

"Magunia manne tu, kaka."

"Unalima nini huko?"

"Maua."

Sirili aliwageukia ng'ombe wake, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Hawa wamekula majani yaliyobebwa kichwani kutoka huko huko porini. Sasa wewe unayarudisha. Wakisikia jirani zangu nitahama." Lakini alimpa. Alimpakilia alfajiri, watu hawajaamka, kama mtu anayemtorosha ndugu yake kutoka kituo cha polisi.

Maji yalibaki juu ya Gabriel. Kisima kilikuwa mbali, na maji ya mfereji yalikuwa ya miwa ya kiwanda, hivyo Mektrida aliamua kwamba fundi aoge akiwa amesimama ndani ya karai, na maji yale yaende kwenye miche.

"Bila sabuni," alimwambia. "Sabuni inaunguza mizizi."

"Na mimi niliyetoka kuchomelea vyuma tangu asubuhi?"

"Utaoga tena na sabuni huko nje."

Gabriel hakupenda maua. Kwao Songea ua lilikuwa kitu kinachotangulia boga. Hata hivyo kila jioni alioga mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya viola na ya pili kwa ajili yake mwenyewe, na hakulisema jambo hilo kazini.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Mvua zilikuwa zimekosekana, chakula kilikuwa kimepungua nchi nzima, na amri ilishuka kwamba kila kaya ilime mihogo na mtama mpaka kizingitini. Balozi wa nyumba kumi, Mpare mmoja mwembamba aitwaye Efraimu, alikuwa amekwisha simama mkutanoni akasema kwamba kwake hakuna hata unyayo mmoja wa ardhi uliolala bure. Matuta ya Mektrida ama aliyasahau, ama alitumaini.

Katibu Kata alikuja kukagua mwezi wa nne. Aliitwa Primus, mtu wa Kibosho, mnene, mwenye buti za jeshi zilizomzidi kidogo. Nyuma yake walifuata mgambo wawili wenye majembe begani, na nyuma yao Efraimu, akitembea kama anayekwenda kutahiriwa. Primus hakupita mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba, akavuka masale, akaruka mawe, na buti lake la kulia likatua juu ya tuta la kwanza.

Mektrida alikuwa anafagia. Alikuwa ameihamishia miche nje siku chache tu zilizopita, kila mmoja na majani mawili. Aliona buti likiifunika. Alizikumbuka zile wiki za kuinua gunia chini ya mtungi kila asubuhi na kulirudisha, na machozi yakamtoka bila sauti, akiwa ameshika fagio.

Primus aliyaona machozi. Akatazama chini yake. Aliona tuta lenye urefu wa mtu, mawe meupe, kijiti kilichopitishwa kwenye kijiti, na isale. Aliunyanyua mguu kama aliyekanyaga kaa la moto, akavua kofia.

"Mama," alisema kwa sauti nyingine kabisa, "sikuona. Wote watatu ni wako?"

Hapo Mektrida alielewa. Palikuwa na nafasi ya kusema, na nafasi hiyo ilikuwa pana. Alimtazama mgambo wa kwanza, akalitazama jembe lililokuwa begani mwake.

"Wangu," alisema.

Primus alimgeukia Efraimu. "Balozi, hukunieleza."

Efraimu alitazama masale, kisha mawe. "Katibu," alisema, "kuna mambo ambayo mtu haanzi nayo."

Ndipo Primus alipofanya jambo lililofunga mlango. Alikata jani moja la isale kwenye ule uzio, akalifunga fundo, akalishika kwa mikono miwili na kumpa Mektrida huku ameinamisha kichwa. Kwa watu wa mlimani isale likitolewa hivyo halikataliwi, hata na mtu aliyeuliwa ndugu yake. Mektrida alilipokea. Akawa amesamehe. Na kuanzia pale makaburi yalikuwapo, kwa sababu mtu hawezi kusamehe kukanyagwa kwa kitu kisichokuwapo, na anayelichezea isale hana tena pa kusimama kwao.

Wageni walipoondoka Efraimu alirudi mbio. "Mama Ester," alisema, "nimekuwa balozi wa wavivu, nimekuwa balozi wa walevi, na wa yule bwana aliyefuga kima. Marehemu sikuwa nao. Sasa ninao watatu. Nakuomba uwatunze, maana wakionekana wazima nimekwisha."

Jioni Gabriel alielezwa akiwa amesimama ndani ya karai.

"Yaani tumefiwa," alisema.

"Kidogo."

"Na mimi nimefiwa nikiwa kazini."

"Ulikuwa zamu ya mchana."

Gabriel alijimwagia kata moja ya maji, akafikiri. "Na hao niliofiwa nao ni akina nani?"

"Bado hajauliza mtu."

Waliuliza upesi. Primus alikuwa mwema, na wema wake ulienda kwa miguu. Mkewe alileta unga. Wanawake wa kigango walileta mikeka, wakakaa uani siku nzima, wakaimba. Dominika, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeyaona matuta yale yakijengwa kwa macho yake, ndiye aliyelia kupita wote.

Mektrida alimvuta kando. "Dominika, si wewe ulinisaidia kukoroga mbolea?"

"Najua," alisema Dominika akijifuta kwa upindo wa kanga. "Lakini nilikuwa sijapata pa kulilia, na nina yangu."

Kisha katekista, mzee Urbanus, aliomba majina ili yasomwe kanisani. Mektrida aliyatafuta majina kichwani akayakosa yote, hata ya babu zake. Yaliyomjia ni matatu tu.

"Viola," alisema. "Petunia. Na Kalendula."

Katika nchi ambamo mtu aitwaye Mektrida anaweza kukaa benchi moja na aitwaye Sirili, na aitwaye Urbanus akawamiminia pombe ya mbege, hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alidhani ni watakatifu ambao padri wake hajafika kwao. Urbanus aliuliza jambo moja tu. "Huyo Kalendula ni wa kiume au wa kike?"

"Wa kike."

"Mungu ampumzishe."

Habari zilipanda mlimani pamoja na wakata majani, vichwani mwao, juu ya mizigo. Sirili alizisikia kilabuni: dada yako amezika watatu porini na hakukwambia. Mwezi wa tano Uru ilishuka. Ilitangulia fimbo ya meku Kornel, mzee mkubwa wa ukoo, ikafuata miguu yake iliyovimba, halafu Sirili na paja la mbuzi kwenye kikapu, kisha wanawake na mikungu ya ndizi na debe la mbege. Walikuwa na shuka jeupe jipya. Na jembe.

"Mtu wa Uru halali porini," alisema meku Kornel baada ya kunywa maji. "Porini panalala majani, na hayo tunayakata. Tumekuja kuwachukua watu wetu, tukawalaze kwenye migomba."

Mektrida alitazama matuta. Petunia zilikuwa zimetanda mpaka kwenye mawe. Kalendula zilikuwa na vifundo vya kijani, vimebana kama ngumi za mtoto mchanga, na ndani ya kimoja alikuwa ameona, asubuhi ile, uzi wa rangi ya chungwa. Sikukuu ilikuwa karibu. Jembe lilikuwa karibu zaidi.

Desturi ilitaka ndugu wa damu achote kwanza udongo kwa mkono, awaambie waliolala kwamba wanahamishwa, wasishtuke. Sirili alipiga goti akachota. Akauleta udongo karibu na uso apate kusema nao, na hapo harufu ikamfikia. Mtu aliyefuga zizini tangu utoto, akatoa samadi kwa mikono yake kila asubuhi, anaijua ya kwake. Alinusa mara ya pili. Kisha alisogea mpaka alipokuwa dada yake na kuchuchumaa.

"Mektrida."

"Kaka."

"Hawa marehemu wamelala kwenye mbolea yangu."

"Ndiyo, kaka."

"Wote watatu?"

"Magunia manne, kaka."

Sirili aliwatazama watu wake. Alimtazama meku Kornel, ambaye alikuwa ametembea tangu alfajiri kwa miguu ile. Alilitazama paja la mbuzi wake mwenyewe.

"Ningekuwa peke yangu," alisema taratibu, "ningekucheka mpaka nife, upate wa kweli."

"Sirili," meku Kornel aliita, "mnanong'ona nini? Tuchimbe au tusichimbe?"

Mdomo wa Sirili ulikuwa umebana kwa nguvu, na wanawake walipouona walianza kulia upya. Meku Kornel akachukua jembe mwenyewe.

Ndipo Gabriel alipotoka nyuma ya nyumba. Alikuwa na nguo za kazi, matundu ya cheche kifuani. Mektrida alimwona akija na akaogopa, kwa sababu alikuwa mtu mkweli na aliyechoka, na maji ya kuogea yalikuwa yake.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Meku, hao mnaowachimba ni wa nani?"

"Wa nani tena? Wa Mektrida."

"Mektrida alizaa na nani?"

Meku Kornel alisimama na jembe hewani. Hakuna mtu kwenye mlima ule, ambako kila mgomba una baba yake na kila baba ana mpaka wake, aliyeweza kulijibu swali hilo kwa namna nyingine.

"Ni wangu," alisema Gabriel. "Ni Wangoni. Sisi tulitoka kusini tukitembea, meku, vizazi na vizazi. Mtu alipoanguka ndipo alipozikwa, na wengine wakaendelea. Wa kwetu hawahamishwi."

Hakuwa ameyatazama matuta. Alikuwa akimtazama mkewe, na Mektrida, aliyekuwa ameishi naye miaka yote hiyo akidhani anamvumilia, aliinamisha kichwa ili watu wa Uru wasimwone uso.

Meku Kornel alishusha jembe. "Mtoto ni wa baba," alisema. "Hilo hata sisi hatulibishi. Lakini hatupandi mikono mitupu."

Wakakubaliana kupanda na udongo. Ulichotwa kikapu kizima, ukafunikwa kwa shuka jeupe, na Sirili akaubeba kichwani mwenyewe, kwa kuwa ndiye kaka. Hivyo ndivyo sehemu ya mbolea ilivyorudi Uru, ikiimbiwa njia nzima. Mabega ya Sirili yalitikisika mpaka walipopotelea kwenye miwa. Kama alikuwa analia au anacheka, kwa nyuma haionekani.

Maua yalichanua wiki ya sikukuu. Joto lilikuwa limekatika. Wingu la mlimani lilishuka chini kuliko kawaida, na asubuhi mbili tatu Mektrida aliamka akakuta ukungu umesimama uani, mwembamba, kama uliopotea njia ukaona aibu kuuliza. Katika ukungu huo petunia zilifungua tarumbeta zao za zambarau, kalendula zikawaka, na viola, maua yenye sura, yalimtazama yote kwa pamoja kama wazee wadogo walioamshwa mapema. Alichukua kikapu na mkasi, akapiga goti.

"Mama Ester, unafanya nini?" Alikuwa Dominika, nyuma ya masale.

"Nakata maua ya maandamano."

"Ya kaburini?" Dominika aliuliza kwa hofu ya kweli, yeye aliyekoroga samadi kwa mikono yake. "Watoto wammwagie Bwana maua ya maiti?"

Mektrida aliusubiri utani. Haukuja. Akaweka mkasi chini, na akaelewa kwamba maua aliyoyaokoa yote yalikuwa yamekingwa hata dhidi ya mkasi wake mwenyewe.

Alikwenda kuungama. Upande wa pili wa pazia padri alisikiliza habari ya buti, ya isale, ya balozi, ya shuka jeupe.

"Kalendula si mtu?"

"Ni ua, Padri. La rangi ya chungwa."

"Nimemwombea mwezi mzima."

"Limestawi sana, Padri."

"Sasa najua," alisema padri, "na siwezi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu umenieleza humu ndani."

"Ndiyo, Padri."

"Ulilijua hilo kabla hujaja?"

Mektrida alirekebisha kanga yake. Padri alikohoa, au kitu kinachofanana na kukohoa. "Maua yenyewe siwezi kuyakanyaga," alisema.

"Hapana, Padri."

"Basi nitayaendea."

Jumapili hiyo maandamano yalikata kushoto kwa mara ya kwanza. Watoto, Ester akiwa mbele, walitembea kinyumenyume kwenye kile kijia wakimwaga vipande vya mifuko ya saruji, na vipande vikaangukia juu ya petunia, kijivu juu ya zambarau. Padri alisimama akainua monstransi. Primus alipiga goti mstari wa kwanza, kofia kifuani, uso wake mtulivu kama wa mtu aliyesamehewa. Efraimu alipiga goti nyuma yake, akimchungulia. Mektrida alisimama mwisho kabisa. Alikuwa ameuleta mlima wake mpaka hapa chini, na Bwana alikuwa amekuja kuuona, na katika umati ule mzima hapakuwa na hata mtu mmoja aliyesema yamependeza, kwa sababu kaburi halisifiwi.

Jioni, ndani ya karai, Gabriel alijisugua shingo. "Yamependeza," alisema, "hao marehemu."

Aliendelea kuyapanda kila mwaka, maana marehemu hawaachwi hivihivi. Mwaka wa ukame Primus mwenyewe aliagiza pipa la maji kwa trekta. Uru alizaliwa mjukuu wa Sirili, akabatizwa Kalendula, na Sirili alisimama kanisani mpaka mwisho bila kutabasamu. Magadi nayo yaliendelea kupanda, kila mwaka juu kidogo.

Gabriel alikufa kwa kifua, mwaka wa uhaba mkubwa wa bidhaa, wakati sanda ilipatikana kwa kibali. Kaka zake walikuja kutoka Songea wamchukue. Efraimu, amekwisha zeeka, alisimama mbele yao akasema kwamba marehemu aliwahi kutamka mwenyewe, kadamnasi, kuwa kwao watu hawahamishwi. Kaka zake walitazamana. Hawakuwahi kuisikia desturi hiyo. Lakini waliyaona matuta matatu, wakasomewa majina, wakawalilia watoto wa ndugu yao ambao hawakujua kwamba waliwahi kuwa nao, na wakaona kwamba si haki kumtenga baba na watoto. Akazikwa pale, ubavuni mwa Kalendula. Msimu huo Mektrida alipanda juu yake aina zote tatu bila kuzitenganisha.

Halafu mfereji ulikauka, miguu yake ikaanza kugoma, na nyumba ya udongo haikukubali masika mengine. Matuta yalimomonyoka yakalingana na ardhi. Masale yalibaki, kwa sababu isale halifi na hakuna anayeling'oa.

Mektrida yuko hai. Anaishi Njoro, mjini Moshi, chumba cha uani kwa Ester, na mbele ya dirisha lake amepanda mchicha.